Mji Usiotetemeka

Kijana aliyekuwa amekaa kitini aliitwa Ipyana, lakini jina hilo lilikuwa limemkwama.

"Ip... Ipya..." Alimeza mate. Goti lake lilikuwa linarukaruka kama sindano ya cherehani.

"Usihangaike, kaka yangu," alisema Sekela. "Wote wanaokuja hapa huanza hivyo hivyo."

Alimpaka dawa ya ganzi nyuma ya sikio, akachukua sindano nyembamba, akasukuma. Kilichoingia chini ya ngozi hakikuizidi punje ya ulezi. Kiliitwa kitulizi. Kazi yake ilikuwa moja tu: hofu inapoanza safari kutoka kifuani kwenda kooni, kitulizi huikamata njiani. Hushusha mapigo ya moyo, hukausha viganja, hunyoosha sauti. Hakimfundishi mtu la kusema, wala hakimwongezei akili. Kinamwondolea tetemeko, basi. Na watu wa Mbeya walikuwa wamekwisha kugundua kwamba mtu akishaondolewa tetemeko, mengine hakuna anayemuuliza.

Sekela aligusa kioo cha mtambo kilichokuwa mezani. Ndani ya ngozi ya kijana punje iliwaka nukta ya kijani, ikazimika.

"Haya. Unaitwa nani?"

"Naitwa Ipyana Mwambene, natokea Isyesye, ni fundi wa mitambo ya upepo." Aliyasema kwa mkupuo mmoja, sauti imenyooka. Kisha akageuka nyuma, kama anayemtafuta aliyesema. "Dada, ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Jumapili natambulishwa ukweni. Usingizi nilikuwa siupati." Akacheka. "Yaani mama akinisikia ataniuliza mwanaye nimempeleka wapi."

Alitoka ameinua kifua. Katika kazi yake Sekela hakuna alichokipenda kama dakika hiyo, mtu anapojisikia kwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe alivaa kitulizi enzi za masomo ya jioni, alipokuwa anashindwa hata kunyoosha mkono na kumwambia mwalimu kwamba hajaelewa. Kilimpa cheti, kikampa kazi, na sasa alikuwa mhandisi wa Kituo cha Utulivu, katika jengo refu ambalo asubuhi za mwezi wa sita ghorofa zake za juu humezwa na ukungu wa mlima Loleza.

Daktari Msigwa, mkuu wa kituo, alichungulia mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzuri sana, kama walivyokuwa wote.

"Mama Atu, nimeona jina la mtoto wako kwenye zamu ya Ijumaa."

"Ndiyo, daktari. Shuleni wamesema hawamchukui hivi alivyo."

"Ulisema ilikuwaje?"

"Usaili wa darasa la kwanza. Waliwasimamisha wajitambulishe mmoja mmoja. Wenzake wote wana vitulizi, wakasema kama watangazaji wa redio. Wa kwangu akaingia chini ya meza."

Daktari hakucheka. "Utamwekea mwenyewe?"

"Nitamwekea mwenyewe."

"Vizuri. Ila unajua, kwa mtoto si kama kwetu."

Sekela alijua. Cha mtu mzima huweza kuzimwa na kuwashwa kwa sumaku ndogo. Yake aliitundika kwenye mkufu na hakuwa ameigusa kwa miaka. Lakini kwa mtoto ambaye hajaanza kung'oka meno, mishipa hukizunguka kitulizi na kukua nacho kama mizizi inavyolikumbatia jiwe. Hakizimwi, wala hakitoki. Uamuzi unaofanyika hufanyika mara moja tu.

"Nimeamua," alisema Sekela, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Isingeweza.

*

Jumatano Ipyana alirudi.

"Kimeharibika?" Sekela aliuliza.

"Kinafanya kazi. Ndiyo shida yenyewe." Aliketi, akaweka mikono mapajani. Ilikuwa imetulia kabisa, ila macho yalikuwa mekundu. "Nimesimama mbele ya wazee, nikajieleza vizuri, sijakosea neno. Baba mkwe akaniangalia, akamwambia mshenga: huyu kijana amekuja kuomba binti au kutuuzia pikipiki?"

Sekela alijikuta ameziba mdomo.

"Cheka tu, dada. Na mama mkwe akaongezea, eti mwenzangu alipokuja kwetu kuniposa alimwaga chai kwenye suruali yake mwenyewe, ndipo baba yangu akajua huyu ananitaka. Wewe mwanetu hata jasho? Wamesema watafikiri." Akainamisha kichwa. "Mimi nampenda yule binti mpaka naumwa. Lakini hawakuona. Waone wapi?"

Sekela alikizima kitulizi cha kijana kwa sumaku ya mezani. Ilikuwa kazi ya sekunde. Papo hapo goti la Ipyana lilianza tena kurukaruka, machozi yakashuka, na kijana akayafuta kwa mkono wa koti, akionekana kama mtu aliyetua mzigo na kuubeba mwingine.

"A... asante," alisema, akaondoka.

Sekela alibaki akikitazama kiti. Alijiambia kwamba ukweni ni ukweni na shule ni shule.

*

Jioni alimkuta Atupele jikoni, amesimama juu ya kigoda, anaihutubia sufuria.

"Ndugu wananchi! Leo tutakula ndizi! Asiyetaka ndizi anyooshe mkono! Wewe kijiko, umenyoosha mkono? Toka nje!"

Nyumbani Atu alikuwa hivyo. Alikuwa na maneno kuliko nyumba yenyewe. Baba yake, Lusajo, aliyekuwa akiendesha mitambo ya reli huko Tunduma na kurudi mwisho wa wiki, alisema mtoto huyu atakuwa mbunge. Lakini kengele ya mlango ikilia tu, mbunge alikuwa nyuma ya pazia.

Nje ya dirisha kulisikika mvumo. Kisafirishi cha anga, ambacho mji mzima ulikiita nyuki, kilitua kwenye kibaraza, kikaacha mafuta na sabuni, kikaruka. Hakuna aliyekiita. Kabati la jiko lilikuwa tambuzi: lilijua kila kilichopungua na kukiagiza lenyewe.

Sekela alivua viatu, akampakata mtoto. "Ijumaa tunaenda kazini kwa mama. Unakumbuka?"

"Naumia?"

"Kidogo. Kama kung'atwa na mbu."

Atu alifikiri, akichezea mkufu wa mama yake. "Halafu nitakuwa kama ninyi?"

"Kina nani?"

"Ninyi. Watu msioogopa."

"Mama naye aliogopa zamani, mwanangu. Aliogopa sana."

"Uongo."

"Kweli."

"Uongo, mama. Wewe hata kwa babu hukuogopa. Hata hukulia." Mtoto hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayesimulia rangi ya gauni. "Bibi alilia, shangazi wa kijijini alilia. Wewe ukasimama ukasoma ile karatasi, watu wakasema mama yako jasiri. Mimi nikajua wewe babu hukumpenda."



Sekela aliikumbuka siku ile Tukuyu, mvua nyembamba, jeneza, na yeye amesimama anasoma wasifu wa marehemu baba yake: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua. Alisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kama taarifa ya habari. Waombolezaji walimpa mkono wakamsifu kwamba amesimama imara. Alijivunia. Usiku wake alingoja kilio kije, hakikuja, akasema labda ni uchovu.

"Nilimpenda babu yako," alisema. Na hata hilo lilitoka limenyooka, laini, lisilo na kovu. Atu alimtazama usoni akilitafuta neno lile, kama Ipyana alivyogeuka nyuma kumtafuta aliyesema.

"Sawa, mama," mtoto alisema kwa adabu. Kisha, taratibu zaidi: "Kwa hiyo aliyeharibika ni mimi peke yangu. Ndiyo maana natengenezwa."

Sekela alikaa na mtoto mapajani akiuhesabu moyoni mji mzima: mwalimu, dereva wa gari la kamba, muuguzi, mchungaji, mama wa Atu. Mtoto huyu tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu mzima wa mjini akitetemeka sauti. Aliyoisikia ikitetemeka ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yake.

*

Usingizi ulipomchukua Atu, Sekela aliendelea kukaa jikoni. Alikuwa anajiuliza swali la kihandisi: hiki kitulizi kimewekwa mahali pa kitu gani? Kila mtambo huwekwa mahali pa kitu fulani kilichokuwepo kabla.

Alijiona akiwa wa umri wa Atu. Mama yake alikuwa mtu wa kutuma. Sekela, kimbia kwa mama Kissa, mwambie mama kasema anaomba kisu. Sekela, nenda dukani, mwambie mama kasema akupe chumvi, na useme shikamoo kwanza. Njia nzima alikuwa akiikariri sentensi ile, shikamoo, mama kasema, shikamoo, mama kasema, na akifika haoni juu ya kaunta, ni ndefu, anapaza sauti kutoka chini na sauti inakatika. Mwenye duka anainama: "Nani huyo?" Wakati mwingine aliisahau sentensi akarudi kuanza upya. Wakati mwingine alirudi na majani ya chai badala ya chumvi, akasemwa. Lakini kesho yake alitumwa tena. Hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Alikuwa anaogopa, na anakwenda.

Alivyokua, mambo ya kusema mbele za watu yalimzidi kimo akakimbilia kitulizi. Lakini kulikuwa na msingi, jamani. Kulikuwa na safari za dukani alizotumwa na mama yake nyuma ya yote.

Siku hizi nani anamtuma mtoto? Nyuki zinajituma. Mlango wa jirani haugongwi, kwa sababu hakuna kinachopungua. Mji ulikuwa umewanyang'anya watoto safari fupi za kwenda kuomba chumvi, halafu ukawauzia dawa ya kutozisafiri.

*

Alhamisi, baada ya kazi, Sekela alivua mkufu. Alisimama mbele ya kioo, akaisogeza sumaku nyuma ya sikio.

Ilikuja yote kwa pamoja. Viganja vililowa. Moyo ulipiga mpaka akaushika. Alikuwa amesahau kwamba mwili una kelele namna hii.

"Mama?" Atu alikuwa mlangoni. "Unaumwa?"

"Ha... hapana." Sauti ilikatika katikati. Mtoto alikodoa macho. "Chumvi imeisha. Twende tukaombe."

Kabati liliitika kwa sauti yake ya ukarimu: "Chumvi imepungua. Naagiza."

"Usiagize," alisema Sekela.

"Nyuki itafika baada ya dakika mbili. Naagiza?"

"Nimesema usiagize!"

"Samahani. Niagize baadaye?"

"Wee kabati, nyamaza!" Atu alilifokea, na wote wawili wakacheka, na Sekela akashangaa kwamba mtu anaweza kucheka huku anatetemeka.

Mlango wa pili ulikuwa wa Bibi Tumpe, mjane mmoja mkali aliyekataa kitulizi kwa sababu, alivyosema, hajawahi kuona aibu maishani. Walikuwa wamepanda naye lifti miaka yote bila kuvuka salamu. Sekela aligonga. Alipofunguliwa, maneno yote yalimpotea.

"Shika... shikamoo, mama. Samahani. Sisi... nilikuwa na... tulikuwa tunaomba..."

Bibi Tumpe alishika kifua. "Mungu wangu. Mmefiwa?"

"Hapana! Chumvi."

"Chumvi?"

"Ku... kuazima chumvi."

"Na unatetemeka hivyo kwa chumvi?" Bibi alimtazama juu hadi chini, akamtazama na mtoto, kisha akafungua mlango wote. "Haya pita, mama wa watu. Usinifie kizingitini."

Atu hakumtazama bibi. Alimtazama mama yake, kinywa wazi, kama mtu anayeonyeshwa mwezi kwa karibu. Waliporudi kwenye ujia, na chumvi ndani ya kikombe, aliushika mkono wa Sekela akaufungua.

"Mama, una jasho."

"Ninalo."

"Kama langu."

"Kama lako."

"Uliogopa kwa bibi?"

"Sana. Na kwa babu pia niliogopa, ila... ila kile kitu hakikuniruhusu..." Na hapo hapo, katikati ya ujia, roboti fagizi ikizunguka miguu yao, kilio cha Tukuyu kikafika. Kilikuwa kimechelewa, lakini kilikuwa na nguvu zote. Sekela alichuchumaa, chumvi ikamwagika, akamlilia baba yake kwa sauti mbaya, yenye makunyanzi. Atu alimshika shingo. Hakuogopa. Alimpigapiga mgongoni kama anavyopigwapigwa yeye.

"Kumbe ulimpenda," alisema.

Walipotulia, roboti ilikuwa imefagia chumvi yote.

"Sasa?" Atu aliuliza.

Sekela alijifuta. Alitamani aende yeye. Ni hatua chache tu, na mtoto ni mdogo, na mlango ule ni mzito. Lakini alimpa mtoto kikombe.

"Nenda wewe. Shikamoo kwanza. Halafu mwambie, mama kasema."

Atu alikwenda. Alisimama mbele ya mlango mpaka taa ya ujia ikajizima kwa kudhani hakuna mtu. Akarudi mbio, akajificha kwenye sketi. Sekela hakumbeba, hakumsukuma. Baadaye kidogo mtoto akatoka tena mwenyewe, midomo ikicheza, akikariri. Akagonga kwa ngumi ndogo. Mlango ukafunguka, ukamfungia ndani.

Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko usaili wowote.

Alirudi akiwa na malimau mawili.

"Chumvi iko wapi?"

"Bibi alikuwa amebakiza kidogo, ya kupikia yeye. Akaniuliza basi nikupe nini, mimi nikaona ndizi na limau ni tamu." Alikuwa anahema. "Niliona mimi mwenyewe."

*

Ijumaa walifika kituoni. Kiti kilikuwa kimeandaliwa, na punje ndogo kuliko za watu wazima ilikuwa kwenye kisahani. Daktari Msigwa aliwakaribisha kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye Atupele! Karibu, mama mdogo. Mhandisi, tuanze?"

Sekela alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. Kwamba shule inaweza kumngoja mwaka mmoja. Kwamba anajua anafanya kazi hapa, na anajua watu watasemaje: mpishi asiyemlisha mwanaye chakula chake mwenyewe. Kwamba mtoto hajaharibika. Kitulizi chake alikuwa amekizima. Alifungua mdomo.

"Daktari, mimi... sisi tume..."

Daktari alikunja uso kwa wasiwasi, macho yakienda kwenye mkufu wake. Sumaku ilikuwa pale. Mguso mmoja, na hotuba yote ingetoka imenyooka. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kupanda nusu ya njia alipohisi sketi yake imeachiwa.

Atu alikuwa amesogea mbele. Mikono aliifunga nyuma, na huko nyuma, ambako daktari hakuona, vidole vilikuwa vinasokotana.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mama kasema..." Sauti ilikatika. Ilikuwa nyembamba, inayumba, na kwenye chumba kile, ambako sauti za namna hiyo zilikuja kufutwa, ilisikika kuliko mtambo wowote. Fundi wa chumba cha pili alisimama kusikiliza. Atu alimeza mate, akaanza tena kutoka mwanzo, kama mtoto aliyerudi nusu ya njia ya dukani. "Shikamoo. Mama kasema leo hatuweki."

Daktari Msigwa alimtazama Sekela, aliyekuwa analia bila kujificha. Kisha akafanya jambo ambalo Sekela hakuwahi kumwona akilifanya: alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto.

"Mama kasema hivyo. Na wewe, unasemaje?"

Kidevu cha Atu kilikuwa kinatetemeka, na aliuacha mtetemeko wote uonekane.

"Mimi nasema naogopa," alisema. Akavuta pumzi. "Lakini nimeshasema."